Wakimbizi wa kwenye kompyuta na wale waliolala kwangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Binti yangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni Dar es Salaam, na likizo hii amekuja Kibirizi na kazi ya shule: programu iitwayo Flee, ambayo wanaohusika nayo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Brunel, London. Inabashiri wakimbizi watafikia kambi gani. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya nchi tatu: Mali, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Burundi. Niliposikia Burundi niliacha dagaa juani nikaenda kukaa naye.

Alinieleza hivi. Ndani ya kompyuta kuna vijitu maelfu kwa maelfu, na ramani ya miji, barabara na kambi. Kila siku kila kijitu kinapigiwa kura, kama ya bahati nasibu, kiondoke au kibaki. Kilicho penye mapigano lazima kiondoke. Kilicho katika mji wa kawaida kina nafasi tatu katika kumi za kuondoka. Kilichokwisha kufika kambini kina nafasi moja tu katika elfu. Kikiondoka kinapendelea njia fupi, kinapendelea kambi kuliko mji, na hakivuki kilomita 200 kwa siku. Basi. Kwa masharti hayo machache, baada ya siku 12 za mwanzo, programu ilipatia zaidi ya asilimia 75 ya mahali watu walikofikia.

Siibezi. Mei 2015 na mimi nilibashiri, tena kwa fedha yangu. Kusikia tu Bujumbura kumechafuka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Nkurunziza, rais wa Burundi wakati ule, nikajua watu watavuka kwa barabara, wapitie Manyovu, mpakani. Nikapeleka magunia sita ya dagaa Manyovu. Watu wakaja kwa makumi ya maelfu, wakatua Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, gari halifiki. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli ya tangu enzi za Mjerumani, ikawa inabeba watu kama 600 kwa safari kuwaleta Kigoma, wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kama mashine ingetutajia Kagunga mapema, vyoo vingechimbwa kabla. Na dagaa wangu wasingeoza.

Ubishi wangu na binti ulianza nilipomkumbusha bibi mmoja aliyelala kwetu siku nne pamoja na watu wake. Alikuwa mteja wangu wa zamani, nilipokuwa nauza dagaa kambi ya Mtabila, kabla haijafungwa mwaka 2012 na Warundi kurudishwa kwao. Walitoka Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, wakakwama Kagunga siku tisa. Hawakuwa wamesikia hata risasi moja. Jirani alikuja usiku kunong'ona kwamba jina la mwana wa bibi limo kwenye orodha ya watu wanaosakwa na Imbonerakure, vijana wa chama tawala. Yule bibi alikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 akiwa binti mdogo, akakimbia tena 1993 akiwa na watoto. Aliniambia kwa Kirundi, ambacho sisi Waha tunakisikia bila mkalimani, kwamba safari hii hakusubiri mlio. Programu inataka mapigano yawe yameandikwa mahali fulani. Mnong'ono wa jirani nani anauandika?

Mume wa bibi alibaki. Alisema michikichi haina miguu. Mwanawe alipoelezwa kuwa Nyarugusu hutoki bila kibali, akasema heri Nakivale, Uganda, alikosikia mkimbizi anapewa shamba la kulima. Akamwachia mama yake simu, akaondoka. Bibi akachukua wajukuu watatu, akaenda uwanjani kuandikishwa. Hakuiogopa kambi, njia ya Kasulu aliijua hadi pa kuokota kuni.

Nyumba moja, sehemu tatu. Binti anakiri kwamba kwenye kompyuta kila kijitu kina kura yake peke yake, familia haishikani. Lakini yule kijana aliweza kwenda Nakivale kwa kuwa mama yake alikubali kubaki na watoto. Kura ya mmoja ilikuwa mkononi mwa mwenzake. Ile robo ambayo programu haikuipatia, nahisi kijana huyo yumo.

Na ile moja katika elfu ya kambini? Binti alipiga hesabu: katika kila watu elfu, kwa mwaka wangeondoka karibu mia tatu, wakidondoka mmoja mmoja kama maji ya bomba bovu. Nimeuza kambini miaka mingi. Watu hutoka kwa makundi, wakisikia tangazo au msimu wa kulima ukikaribia.

Akanijibu: "Mama, kila unachoongeza kinadai namba, na hizo namba hakuna mwenye nazo." Tunazo. Wanaotengeneza programu hizi, na vyuo vyetu vitakapoanza kutengeneza za kwetu, waje Kibirizi wakae na manahodha wa maboti na sisi wauza dagaa kabla ya kuwapigia vijitu kura. Hatudai posho, chai inatosha.

Bibi alirudi Nyanza-Lac mwaka 2018. Juzi tulimpigia simu, binti akamuuliza alijuaje kwamba wakati wa kurudi umefika. Akacheka sana. Akasema mzee alimtumia dumu la mawese. Mwenye kutuma mawese amevuna, na aliyevuna amelala kwake. Binti ameandika daftarini: dumu la mawese. Tangu hapo anatafuta namba ya kuliwekea.

Mama Muuza Dagaa,
Kibirizi, Kigoma