Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa shule

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi tu kwamba umekabidhiwa uongozi wa shule. Mara ya pili nilikwama kwenye aya unayoeleza mipango yako ya muhula wa kwanza: msemaji wa kuwahamasisha wanafunzi, mabango ya kupinga uonevu, semina ya siku moja ya walimu kuhusu msongo wa mawazo, na kikao cha wazazi kuhusu malezi. Najua kila jambo hapo limetoka moyoni. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu, tena hadharani, kwa kuwa wapo wengi waliopewa dhamana kama yako ambao hawajawahi kuambiwa kwamba hata wema unapaswa kupimwa.

Nianze na kisa ambacho tangu nikisome hakijaniacha. Mwaka 1935, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, daktari aitwaye Richard Cabot alianzisha mradi wa kuwasaidia wavulana waliohofiwa kuangukia katika uhalifu. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili, kila mmoja na mwenzake anayefanana naye kwa umri, familia na mazingira, kisha ikapigwa kura. Aliyeangukiwa na kura alipata mlezi wa kumtembelea nyumbani, kumsaidia masomo, kumfikisha kwa daktari na kumpeleka kambini wakati wa likizo, na mwenzake hakupewa chochote. Msaada huo ulidumu kwa wastani miaka mitano hivi. Miongo mitatu baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wavulana wale, ambao sasa walikuwa watu wazima, na wengi wa waliosaidiwa walimwambia kwamba mradi uliwafaa. Lakini alipofungua kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo, na kuchapisha matokeo mwaka 1978, ilionekana kwamba waliosaidiwa hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao. Na katika baadhi ya mambo, kama ulevi, maradhi makubwa ya akili na kufa mapema, hali yao ilikuwa mbaya zaidi.

Soma tena sehemu ile ya shukrani. Wale watu hawakudanganya. Walipendwa na walikumbuka kwamba walipendwa. Kama kusingekuwa na wenzao wasioguswa wa kulinganishwa nao, mradi ule ungesifiwa hadi leo na kuigwa kila mahali. Kwa hiyo neno la kwanza ninalokuomba ulishike ni hili: kabla ya kusema kwamba jambo fulani limewasaidia watoto wako, jiulize wangekuwaje bila jambo hilo.

Nakuandikia haya kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukosea hapo. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikisimamia idara yenye watu wapatao 30, nilimwalika mtaalamu aje kutufundisha namna ya kukabiliana na msongo wa mawazo. Watu walipiga makofi, wakajaza fomu za kusifu, nami nikaandika ripoti kwamba ustawi wa wafanyakazi umeimarika. Miezi michache baadaye wawili niliowategemea sana waliacha kazi, na mmoja wao aliniambia bila kuficha kilichomchosha: ratiba ya zamu ilikuwa ikibandikwa jioni ya kuamkia juma lenyewe, hivyo hakuweza kumwahidi mwanawe chochote. Ratiba ile nilikuwa nikiibandika mimi.

Baadaye nilikuta kwamba tafiti zilikwisha kulisema jambo hilo. Mwaka 1985 ulianza uchunguzi mkubwa wa watumishi wa serikali mjini London, wanawake na wanaume 10,308, unaojulikana kama Whitehall II. Waliokuwa na mamlaka madogo juu ya kazi yao wenyewe, wasioamua wafanye nini, lini na kwa namna gani, walipatwa zaidi na maradhi ya moyo. Kwa upande mwingine, Chuo Kikuu cha Illinois kilipoanzisha mpango wa afya kwa wafanyakazi wake mwaka 2016, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wafanyakazi karibu 5,000. Ukiwatazama tu waliojiunga na kuwalinganisha na waliokataa, mpango ulionekana wa ajabu: waliojiunga walikuwa na afya bora na gharama ndogo za matibabu. Ukilinganisha makundi yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, tofauti hizo karibu zote zinatoweka, kwa sababu waliojiunga walikuwa na nafuu tangu awali. Hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa semina yako: watakaokuja kwa hamu ni wale wasioihitaji sana.

Kumbuka kwamba shule yako ni mahali pa kazi kabla hata kengele ya kwanza haijalia. Badala ya kuwafundisha walimu kupumua taratibu, waulize ni uamuzi gani unaowahusu ambao wangependa kushirikishwa: ratiba ya vipindi, zamu, namna ya kusahihisha, vikao visivyo na ulazima. Gharama yake ni muda wako, na uvumilivu wa kusikia usichopenda.

Kuhusu wanafunzi, usivunjike moyo nikikwambia kwamba nchini Uingereza jaribio kubwa lililohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 lilipima mafunzo ya kutuliza akili darasani, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yakaonyesha kwamba hayakuzidi kile ambacho shule zilikuwa zikifanya siku zote. Somo moja likipachikwa kwenye ratiba, huku kila kitu kingine kikibaki kilivyo, halina nguvu tunayolitwisha. Lililoonyesha nguvu ni kugusa mwenendo wa shule nzima. Huko Finland, Christina Salmivalli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turku waliona kwamba mwonevu huchochewa na wanaomtazama huku wakicheka au kunyamaza, basi wakaunda programu ya KiVa inayowafundisha hao watazamaji kumuunga mkono anayeonewa. Uonevu ulipungua, ingawa haukwisha. Na katika wilaya ya Luwero nchini Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki jaribio kati ya mwaka 2012 na 2014, nusu yake zikitumia mwongozo wa shirika la Raising Voices unaowahusisha wanafunzi, walimu na uongozi katika kubadili namna ya kuadibu. Mwishoni, wanafunzi walioripoti kupigwa au kuumizwa na watumishi wa shule katika juma lililotangulia walikuwa takriban 31 katika kila 100 kwenye shule zilizopata mwongozo, na takriban 49 katika kila 100 kwenye zile ambazo hazijaupata. Sikufichi kwamba 31 bado ni wengi mno. Lakini pengo hilo ni watoto halisi, na halikuletwa na bango.

Hapa nikuonye juu ya jambo litakalokutisha. Amy Edmondson, alipochunguza vikundi vya wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia kwamba vikundi vyenye uongozi mzuri vitakuwa na makosa machache ya dawa. Alikuta vinaripoti makosa mengi zaidi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba watu wa vikundi hivyo hawakuogopa kuyasema. Ukianza kuwauliza watoto kwa siri kuhusu uonevu, na wakaanza kukuamini, taarifa zitaongezeka kabla ya kupungua. Atatokea mtu wa kukuambia kwamba shule imeharibika mikononi mwako. Mwambie mapema, kabla namba hazijapanda, kwamba unalitarajia hilo.

Upande wa wazazi sitakaa sana, kwa kuwa nguvu zako huko ni chache. Ila nikutajie Jamaica, ambako kuanzia miaka ya 1980 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa na wahudumu wa afya kila juma kwa miaka miwili, mama akionyeshwa namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Miaka 20 baadaye kipato cha waliotembelewa kilizidi cha wenzao kwa asilimia 25. Mama wale hawakuitwa ukumbini kukaripiwa. Mtu aliwafuata, akaketi nao, akarudi juma lililofuata. Fikiria hilo unapoandika ajenda ya kikao chako cha wazazi.

Sikuombi ufute kila kitu. Naomba uchague jambo moja, ulifanye vizuri, na kabla ya kuligusa upime hali ilivyo: dodoso fupi lisilo na majina, mahudhurio ya wanafunzi na ya walimu, idadi ya waliopelekwa ofisini kuadhibiwa. Kama fedha hazitoshi kuanza madarasa yote kwa pamoja, usione ni hasara. Yapigie kura, nusu yaanze muhula huu na nusu muhula ujao, nawe utakuwa umepata wa kuwalinganisha bila kumnyima mtu daima.

Dodoso likiwa tayari nitumie kabla hujaligawa, hasa sehemu ya walimu. Nataka kuona kama umewauliza kuhusu ratiba.

Kaka yako