Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Kuzungumza na Kusikilizana na Watoto Wetu

Kwa Wazazi na Walezi,

Salaam nyingi kwenu nyote. Ripoti za masomo mtazipata kwa walimu wa madarasa, kwa hivyo barua hii nimeitenga kwa jambo ambalo alama haziwezi kulionyesha vizuri, nalo ni namna watoto wetu wanavyozungumza na kusikilizana.

Mtaala wa umilisi, yaani ule unaolenga uwezo wa mtoto wa kutumia anachojifunza, umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na wengi wetu tukisikia hivyo humfikiria mtoto hodari wa kusema mbele za watu. Hiyo ni nusu tu. Mnamo 1948 mhandisi Mmarekani, Claude Shannon, alieleza mawasiliano kwa kutaja mtumaji, njia ya ujumbe, kelele zinazouvuruga na mpokeaji. Wataalamu wa baadaye wakaongeza jibu linalomrudia mtumaji, kwani bila hilo msemaji hawezi kujua kama alichosema ndicho kilichofika.

Muhula huu wanafunzi wawili wa Gredi ya Tano waligombana kwa sababu ya rula. Mwalimu wao hakuuliza nani mwenye makosa, bali alimtaka kila mmoja aseme alichomsikia mwenzake akisema, na mwenzake akubali kuwa ndivyo, kabla ya kujitetea. Ikabainika kwamba mmoja alisema, "Nirudishie leo," naye mwenzake akasikia, "Umeniibia," kwa kuwa sauti ilikuwa ya ukali.

Uso na macho pia husema. Hapa Pwani mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa mara nyingi anaonyesha adabu, wala si dalili ya hatia, na walimu wageni nimewaeleza hivyo. Hata hivyo, mtoto anayenyamazishwa kila afunguapo kinywa hatamwambia mtu yeyote siku atakapoonewa njiani au ndani ya matatu, na jambo hilo linanitia hofu kuliko alama za Hisabati.

Likizo hii nawaomba, iwe mnasubiri feri Likoni au mnakula chakula cha jioni, mziweke simu kando na kumwacha mtoto aeleze jambo lake hadi mwisho. Kisha mwambieni mlivyoelewa, naye awasahihishe. Badala ya kumwuliza kama madrasa kulikuwa kuzuri, swali ambalo hujibiwa "ndiyo" na mazungumzo yakafa, mwulizeni alichofundishwa na alichocheza na wenzake. Zungumzeni naye kwa lugha ya nyumbani, kiwe Kiswahili au Kigiriama. Anayejua kupanga hoja zake kwa lugha hiyo hapotezi kitu katika Kiingereza.

Mzazi ambaye mtoto wake amenyamaza ghafla au amebadilika tabia asingoje shule ifunguliwe, bali awasiliane nami au na mwalimu wa ushauri nasaha mara moja.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu,
Mombasa