Jaji Wako Amekufa Mapema Mno

Chicago

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu sana. Shikamoo zangu zifikishe kwa baba na mama kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishaanza hutanyanyuka tena hapo ulipo.

Sura za riwaya yako nimezisoma zote. Nyingine kwenye treni, nyingine kwenye korido ya mahakama nikisubiri kuitwa kutafsiri. Pale wakili wako anapovua tai, anaikunja taratibu na kuiweka mfukoni kabla ya kushika bastola, nilicheka peke yangu mpaka askari wa mlangoni akanitazama. Huo ni uandishi. Usiruhusu mtu akuambie uiondoe hiyo tai.

Ugomvi wangu na wewe ni mmoja tu: jaji umemuua mapema mno. Waziri kakwapua fedha, jaji kahongwa, kesi imekufa, na sura ya tatu tayari jaji yuko chini. Baada ya hapo wakili wako anazidi kuwamaliza mmoja mmoja usiku, umati unamshangilia, na mimi msomaji sina tena ninachokisubiri zaidi ya idadi ya maiti. Hasira iliyokuandikisha naielewa. Mtu akishuhudia mwizi wa mabilioni anatoka mahakamani akipunga mkono, lazima atatamani mtu ajichukulie sheria mkononi. Lakini hebu nikusimulie kesi moja ya mji huu, halafu uniambie wewe jaji alipaswa kufa lini.

Septemba 1972, usiku, kiongozi mmoja wa chama cha wafanyakazi wa malori alitoka nyumbani kwake kwenda kazini. Gari likasimama, akapigwa risasi za bunduki, akafa. Jirani alikuwa nje anatembeza mbwa wake, na akamwona muuaji uso kwa uso. Muuaji alikuwa Harry Aleman, mtu wa kazi chafu wa genge la mafia la hapa. Kesi ilikuja kusikilizwa mwaka 1977. Shahidi wa macho yupo, na jaji, Frank Wilson, anasifika kwa ukali. Utetezi ukakataa juri, yaani lile jopo la raia 12, ukaomba jaji aamue peke yake. Wilson akamwachia huru Aleman.

Bei ilikuwa dola 10,000. Aliyezipeleka ni wakili aitwaye Robert Cooley, polisi wa zamani na mcheza kamari wa kutupwa. Alitanguliza 2,500, na zilizobaki 7,500 akazikabidhi baada ya hukumu, chooni mwa mgahawa. Jaji akalalamika kwamba hela ni kidogo. Nikifika hapo huwa nasimama kwanza. Mtu ameuza maiti ya mwenzake, yuko chooni, na bado anaona amepunjwa! Wewe jaji wako anapokea bahasha yake huku mikono ikimtetemeka na jasho linamtoka. Mwondolee jasho. Mpe manung'uniko.

Sasa mwingize wakili wako hapo, 1977, na bastola yake. Anamvizia Wilson nyumbani kwake, pale kwenye banda la gari, anamlaza. Kesho yake magazeti yanaandika nini? Kwamba jaji mkali, adui wa wahalifu, ameuawa na wahuni. Anazikwa kwa heshima zote. Cooley anafunga mdomo maisha yake yote, kwa hofu au kwa busara. Na Aleman? Ameshaachiwa huru, na Katiba ya Marekani inakataza mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa lile lile. Risasi ya wakili wako ingempa kinga ya kudumu.

Ilivyokuwa kweli ni kwamba Wilson aliachwa hai. Alistaafu, akahamia Arizona. Mwaka 1986 Cooley akaingia mwenyewe kwenye ofisi ya waendesha mashtaka wa serikali kuu, hakuna aliyekuwa akimtafuta, akasema yuko tayari kuwavalia kinasa sauti. Akatembea nacho kwa miaka, akila na kunywa na watu ambao wangejua wangemzika. Alimfuata mpaka Wilson kule Arizona. Mwaka 1990 Wilson akajipiga risasi nyumbani kwake kabla hajafikishwa kortini.

Aleman akashtakiwa upya mwaka 1993. Mawakili wake wakaja juu: katiba, katiba! Jaji mwingine, Michael Toomin, akajibu hoja hiyo kwa namna ambayo ningetamani wewe ndiye ungeibuni. Alisema sheria inamlinda mtu asiwekwe hatarini mara mbili, lakini huyu mtu mwaka 1977 hakuwa hatarini hata kidogo, kwa sababu matokeo alishayanunua. Kwa hiyo kesi ile haikuwa kesi. Mahakama za juu zikaachia uamuzi huo usimame. Mwaka 1997 yule jirani wa mbwa akasimama tena kizimbani kutoa ushahidi ule ule, na Aleman akatiwa hatiani. Alihukumiwa miaka 100 hadi 300, akafia gerezani 2010.

Unaona ninakokwenda? Mla rushwa ndiye aliyekuwa ushahidi. Aliyebeba bahasha ndiye aliyekuwa shahidi. Kwenye mswada wako watu hao hao ndio wa kwanza kuuawa, na kila anayekufa anaondoka na ukurasa wa jalada.

Kuna jambo jingine zito zaidi, na hili nakuomba ulisome mara mbili. Kabla ya Cooley kupanga kesi ile, wakili wa utetezi wa Aleman alikuwa mtu mwingine, Thomas Maloney. Ilibidi akae pembeni kwa sababu alikuwa rafiki wa Wilson na ingeonekana vibaya. Mwaka huo huo wa 1977 Maloney naye akawa jaji! Akakaa kitini hadi 1990, akipokea hela kwenye kesi za mauaji. Alitiwa hatiani mwaka 1993, na Mahakama Kuu ya Marekani baadaye ikaandika kwamba inaelekea ndiye jaji pekee wa jimbo la Illinois aliyewahi kupatikana na hatia ya kuuza kesi ya mauaji.

Lakini sikia hili. Jaji anayewaachia wanaolipa atajifichaje? Anakuwa mkali kupita kiasi kwa wasiolipa. Ndiyo hoja iliyopelekwa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1997 na mtu ambaye Maloney alimhukumu kifo: kwamba alikandamizwa ili jaji aonekane safi. Majaji wote wa mahakama ile wakakubali kwamba ana haki ya kupewa nafasi ya kutafuta ushahidi wa hilo. Na katika kesi nyingine, ya watu wa genge la El Rukn, Maloney alipokea dola 10,000, akashtuka kwamba FBI, wapelelezi wa serikali kuu, wanamwangalia, akazirudisha. Kisha akawatia hatiani washtakiwa wote wawili na kuwahukumu kifo. Mmoja wao kesi yake ilirudiwa, akaachiwa huru mwaka 2009.

Wakili wako anachagua wa kuua kwa kuangalia walioachiwa. Basi. Hakuna ukurasa hata mmoja anaojiuliza kuhusu waliofungwa. Jaji wako aliyehongwa na waziri, kesi zake nyingine zilikwendaje? Nani anaoza jela ili yeye aitwe mkali? Ukimuua sura ya tatu, mtu huyo hana tena wa kumfungulia mlango. Mpe jina, mpe mama anayemtembelea, umweke sura ya tano, uone riwaya itakavyobadilika.

Ukitaka kujua rushwa inavyotembea kila siku bila mabastola, soma juu ya upelelezi wa FBI ulioitwa Operation Greylord, ulioanza mapema miaka ya 1980 kwenye mahakama hizi hizi za kaunti ya Cook. Mawakili fulani walikuwa wanazurura kwenye korido wakinasa watu wasio na wakili. Mshtakiwa ameshaweka fedha ya dhamana. Kesi ikifutwa, jaji anaamuru ile fedha inayorudishwa iende kwa wakili kama malipo, na wakili anamkatia jaji fungu lake. Mwananchi anarudi nyumbani anamshukuru wakili, hajui kwamba kaporwa. Jaji hashiki hela mkononi; kuna karani au askari wa kupokea. Mkuu wa mahakama ya makosa ya barabarani, aliyekuja kufungwa, alimtumia binamu yake aliyekuwa polisi. Mimi leo nikipita kwenye korido hizo huwa naangalia nani amemshika nani bega.

FBI waliingiaje? Walimpata mwendesha mashtaka kijana, Terrence Hake, aliyekuwa amechoshwa na anayoyaona. Akajifanya amekuwa mla rushwa, miaka ikapita wenzake waadilifu wakimdharau, na yeye hawezi kujitetea. Huyo ndiye shujaa mwenye maumivu! Kuna jaji pia aliyeletwa kwa zamu kutoka kusini mwa jimbo, Brocton Lockwood, ambaye alificha kinasa sauti ndani ya buti lake la kichunga ng'ombe. Na kwa mara ya kwanza katika nchi hii, kifaa cha kusikiliza kilitegwa ndani ya ofisi ya jaji. Jaji huyo, wa kesi za dawa za kulevya, alinaswa akisema kwamba anawapenda watu wanaokula hela, kwa sababu nao unajua mmesimama wapi. Mwishoni walishtakiwa majaji 17, wakatiwa hatiani 15, na pamoja na mawakili, makarani na polisi jumla ilikaribia watu 100.

Na usidhani mikono ya serikali ilikuwa myeupe kabisa. Ili kuwanasa, maofisa walitunga kesi za uongo: jambazi wa kuigiza, mlalamikaji wa kuigiza, wote wanaapa mbele ya jaji na kudanganya. Wanasheria wengi walikasirika, na sidhani walikuwa na makosa kukasirika. Ukitaka wakili wako avunje sheria, mvunjishe hivyo. Kiapo cha uongo ili ukweli utoke. Hapo nitakosa usingizi. Mtu kupiga risasi gizani nimeshasoma mara nyingi.

Waziri wako nae ni mnene mno, ana cheko kubwa na gari la kifahari, kila mtu anamwona. Nguvu za kweli huwa hazina kipaza sauti. Aliyemwagiza Cooley kwenye kesi ya Aleman ni Pat Marcy, katibu wa chama cha Democratic katika kata ya kwanza ya mji. Hakuwa na kiti cha kuchaguliwa. Alikuwa na meza mgahawani, Counsellors Row, mkabala na ukumbi wa jiji, na madiwani na mawakili ndio waliomfuata pale. FBI walitega kamera kwenye mgahawa huo, mwaka 1989 ikagunduliwa na mfanyakazi aliyekuwa akisafisha. Fikiria sura hiyo: miaka ya kazi imening'inia kwenye kitambaa cha kufutia meza. Marcy alishtakiwa, akafa kabla hukumu haijatoka.

Najua utanijibu nini. Utasema miaka 25, dada, kutoka mauaji hadi hukumu! Na kweli. Familia ya marehemu ilishuhudia Aleman akiachiwa huru. Yule jirani, baada ya serikali kumtumia na jaji kumfanya mwongo, maisha yake yalivurugika, akaingia kwenye ulevi, dawa za kulevya na jela kabla hajarudi kizimbani.  Kwa hiyo sikuombi uandike kitabu kinachosifia sheria, kitakuwa cha uongo na kitachosha. Acha umati upige kelele, acha wakili wako ashike bastola, hata afike mlangoni kwa jaji. Ila akifika, awe na kinasa sauti mfuko mmoja na bastola mfuko wa pili, na mimi nisijue atatoa kipi. Hilo la kuchagua ndilo lichukue kurasa 200.

Na swali moja ulifanyie kazi kabla hujanitumia sura nyingine: jaji wako akiachwa hai, halafu akajiua mwenyewe kama Wilson, wakili wako atajisikiaje? Atafurahi? Ataona kaibiwa? Usinijibu kwa simu, niandikie.

Mama mwambie fedha ya mwezi huu nimeshaituma, asisikilize ukisema haijafika. Baba nitampigia Jumapili.

Ni mimi dada yako akupendaye.