Barua ya Mwalimu Mkuu kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula

Ndugu wazazi na walezi,

Shule inafungwa Ijumaa. Ripoti ichukuliwe na mzazi mwenyewe.

Mliohudhuria sherehe mliona. Darasa la nne zima liliimba kwa lugha ya alama, si wale viziwi watatu peke yao. Hakuna aliyewalazimisha, alama walifundishana wakati wa mapumziko, maana walitaka kucheza pamoja. Nimefundisha miaka mingi, lakini siku ile machozi yalinishinda. Mwenzao asiyeona sasa anasoma nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole, bila msaada. Na yule mwenye usonji, hali inayomfanya mtoto apate shida kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, aliyekuwa akijificha chini ya dawati, alitembea mwenyewe mbele ya umati kupokea zawadi yake. Walimu wangu, hongereni sana.

Sasa nije kwenye barua niliyoletewa wiki hiyohiyo, yenye saini za wazazi kumi na mmoja, ikitaka watoto hao “watafutiwe shule yao.” Shule yao ni hii. Azimio la Salamanca la mwaka 1994 kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, lililopitishwa na wajumbe wa serikali 92, linataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya jirani na kwao, ileile ambayo angesoma kama asingekuwa na ulemavu.

Mmeandika kwamba wamezidi. Ni kweli, hapa ni wengi kuliko shule zinazotuzunguka. Muhula huu pekee nimepokea wanne waliokataliwa kwingine kwa maneno laini: “Nendeni pale, wana mwalimu wa elimu maalumu.” Shule ikipimwa kwa wastani wa mtihani tu, mtoto anayehitaji muda zaidi huonekana anaishusha, basi husukumwa kwa anayempokea. Ndivyo shule moja inavyofurika na nyingine isiwe na hata mmoja, huku mwalimu wetu huyo mmoja akikimbia darasa hadi darasa. Dawa ni kila shule ipokee watoto wa eneo lake na ipewe mwalimu na vifaa. Hayo nimeyaandika kwa wakubwa wangu, na nitaendelea kuandika. Kumtoa mtoto hapa, sitamtoa.

Waliotia saini nawaita ofisini, mmoja mmoja, kabla shule haijafunguliwa.

Nanyi mnaoficha, nisikieni. Kuna mtoto alikaa nyuma ya darasa muhula mzima akiitwa mkaidi, kumbe hasikii vizuri, na nyumbani walijua. Jambo hilo limeniuma. Semeni siku ya kuandikisha, hatumfukuzi mtu. Wapo pia wanaombakiza mtoto mwenye ulemavu nyumbani kila wageni wanapokuja. Huo ni utoro, na anayeusababisha ni mzazi. Muhula ujao nitafuata nyumbani.

Wenye madeni ya ada, lipeni kabla ya kufungua. Vifaa vya nukta nundu hununuliwa kwa fedha hizohizo.

Tunafungua Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, watoto wote.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu