Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka tuliomaliza

Ndugu wanachama, nianze na pesa tuimalize. Ada mmelipa karibu wote, waliobaki wanajijua, hesabu kamili mweka hazina atasoma mkutanoni.

Sasa la moyoni. Dokumentari yetu ya Kitereza, yule mwandishi wa Ukerewe, haijaisha. Mwenzetu wa kamera wengi mnamjua kwa harusi na kipaimara hapa Mwanza, alianza na kamera ya kuazima, na mpaka leo hela ya harusi ndo anaitia kwenye kazi ya historia. Mwaka huu kapanda meli ya Nansio, kule kisiwani Ukerewe, mara nne, ya mwisho nikaenda nae. Tulikaa uani kwa mzee mmoja, dagaa wameanikwa pembeni, upepo wa ziwa unapiga kwenye maiki hadi neno halisikiki, kijana wetu wa kamera akavua sweta akaiviringisha maiki kama kichanga, ndo mzee akaendelea kututajia mitego ya samaki kwa Kikerewe, mmoja mmoja, na mjukuu wake aliyekaa hapohapo hata mmoja haujui.

Mnajua kwa nini nang'ang'ania. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kuichapa, uzeeni akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, na 1981 akafariki nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35 mtu anasubiri jamani! Hiyo miaka inaniuma kama ni ya babu yangu. Na mwandishi mwingine, Euphrase Kezilahabi, wa Namagondo hukohuko Ukerewe, katutoka Januari 2020, sisi hatuna sauti yake hata ya dakika moja.

Sasa kosa letu la mwaka huu. Rekodi za safari ya pili zilikuwa kwenye ekstano (diski ya nje ya kuhifadhia) moja tu, ikadondoka, fundi kahangaika nayo wiki nzima ikagoma, na bibi aliyeongea humo tumeshamzika. Pesa ya ekstano ya pili niliombwa mimi, nikasema tusubiri. Nawaomba radhi, na familia yake nimeenda kuiomba radhi pia. Sasa zipo mbili, moja anayo yeye, nyingine iko kabatini kwangu.

Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, tutaenda mwakani, kwa ngoma na historia ya Wasukuma, ila kwanza Ukerewe iishe. Mwenye mzee nyumbani anayekumbuka mambo ya zamani anipigie wiki hii, asingoje mkutano. Jumamosi ijayo tunavuka tena, tunahitaji mtu wa kubeba stendi na mmoja anayekijua Kikerewe vizuri.