Wachapishaji wadogo wa fantasia wasiuawe na mali kauli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hatima ya wachapishaji wadogo wanaojitolea kutoa riwaya za fantasia, yaani visa vya ulimwengu wa kubuni, kwa Kiswahili. Nasema wachapishaji, si wachapaji. Mchapaji ni mwenye mtambo, naye hulipwa siku kazi inapotoka. Mchapishaji ndiye anayeusoma mswada, anayeugharimia, anayekibeba kitabu hadi sokoni, kisha akasubiri. Katika kusubiri huko ndimo tunamofia.

Mwaka 2019 mimi na walimu wenzangu wawili tulichanga fedha tukatoa riwaya ya mwanafunzi wetu wa zamani, kisa cha binti anayezama katika ziwa la mlimani akakuta chini yake ufalme wa wahenga wake. Hapa Mbeya hakuna aliyehitaji kuelezwa ziwa hilo lilitoka wapi, kwa kuwa watoto wengi wa huku wamekua wakisimuliwa habari za Ngosi. Tulichapa nakala 300, na 120 kati ya hizo tukaziacha madukani kwa mali kauli, yaani tulipwe zikishauzwa, kuanzia Mwanjelwa hadi Njombe na Iringa mjini, maana hakuna mwenye duka aliyekubali kulipa taslimu kitabu cha mwandishi asiyejulikana. Vitabu viliisha, lakini fedha hazikuja. Duka moja lilitulipa baada ya miezi kumi na minne. Jingine lilibadili mmiliki, na deni letu likaondoka na yule wa zamani. Nauli za kufuatilia madeni zilikula faida yote, na mswada wa kitabu cha pili, ambacho wasomaji walikiulizia hata nikiwa sokoni nanunua viazi, umo kabatini kwangu hadi leo.

Hali hii inaiumiza fantasia kuliko hadithi za aina nyingine. Mwandishi wake hujenga ulimwengu mzima, wenye sheria, koo, miungu na vita vyake, kwa hiyo kitabu huwa kinene, na mara nyingi ni cha kwanza katika mfululizo. Mchapishaji akifilisika katikati, msomaji huachwa njia panda, na safari nyingine hatathubutu kununua kitabu cha kwanza cha mtu yeyote. Tena kurasa nyingi ni karatasi nyingi. Kila nipitapo Mufindi nikaiona misindano ya Sao Hill, husikitika kwamba kiwanda cha Mgololo, kilichojengwa miaka ya 1980, kinatoa hasa karatasi za kufungashia, huku karatasi za vitabu tukizisubiri kutoka ng'ambo.

Wachapishaji wakubwa siwalaumu. Kwa miaka mingi wameishi kwa soko la shule, na tangu kazi ya vitabu vya kiada ilipokabidhiwa Taasisi ya Elimu Tanzania, soko hilo limewabana. Ni nani kati yao atakayeweka mtaji wake katika riwaya ya mizimu isiyotahiniwa popote? Kazi hiyo itafanywa na wadogo au haitafanywa kabisa, ingawa fantasia si mgeni katika lugha hii: Shaaban Robert alituletea nchi ya kubuni ya Kusadikika tangu mwaka 1951.

Hata Marekani, yenye wasomaji wengi, mambo yalianza hivi hivi. Mwaka 1939 August Derleth na Donald Wandrei waliunda shirika dogo la Arkham House ili hadithi za ajabu na za kutisha za rafiki yao H. P. Lovecraft, aliyefariki mwaka 1937, zisipotee, baada ya wachapishaji wakubwa kuzikataa. Kitabu chao cha kwanza kilichapwa nakala 1,268, nazo zilichukua takriban miaka minne kwisha. Derleth aliliendesha shirika kwa fedha alizopata kwa kalamu yake mwenyewe. Leo Lovecraft anasomwa duniani kote. Lakini Gnome Press, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kutoa vitabu vya mapema vya Isaac Asimov, mwandishi wa hadithi za kisayansi, iliacha sifa ya kutowalipa waandishi haki yao, na ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapo nasi tujitazame bila kuoneana haya, kwa sababu wapo wenzetu ambao mwandishi akiwauliza mrabaha wake humwona mkorofi. Anayedai kulipwa na mwenye duka hana budi kumwonyesha mwandishi wake hesabu.

Nina matumaini kwa sababu moja kubwa: mashine za kidijitali zimetuwezesha kuchapa hata nakala 50 tu, zikiisha tukaongeza, badala ya kurundika maboksi chumbani. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, nayo imewatia moyo waandishi, ila tuzo huchagua wachache, na shirika dogo haliwezi kuishi kwa kungojea ushindi.

Ninachoomba kimekwisha kufanyika hapa nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulimhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala zake itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Maktaba, halmashauri na vyuo vikuu vya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe vikikubaliana kununua kwa pamoja nakala 150 za kila riwaya itakayopita mikononi mwa wasomaji watakaowateua, na kulipa siku vitabu vinapopokelewa, bili ya mchapaji italipika, na hizo nyingine zitakazobaki madukani hazitamuua mtu zikichelewa.

Mswada ulio kabatini kwangu umehaririwa mara mbili, na jalada lake limekwisha kuchorwa na kijana wa Tukuyu. Wanunuzi wa nakala hizo 150 wakipatikana, tutaupeleka mtamboni kabla shule hazijafungwa mwezi Juni.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.