Msiyeyushe misalaba ya mukuba

Bwana Mhariri,

Mimi ni fundi wa kupiga mukuba, yaani shaba, hapa Katuba, Lubumbashi, tangu 1989. Naomba nafasi katika gazeti lenu kwa sababu ya jambo lililonifika wiki mbili zilizopita, ambalo mpaka leo linaninyima usingizi.

Bwana mmoja aliingia karakanani kwangu akiwa na mfuko wa unga. Ndani ya mfuko mlikuwa na misalaba miwili ya mukuba, ile ya zamani yenye mikono minne kama herufi X. Alitaka niiyeyushe, nimfulie sahani ya ukutani yenye tembo na mti, zawadi ya harusi ya binti yake. Alikuwa mtu wa heshima, hakuiba kitu kwa mtu. Jembe lake liliigonga akilima mihogo upande wa mto Lufira.

Nilichukua mmoja nikaupima kwenye mizani ya mama jirani anayeuza dagaa wa kapenta: gramu 780. Kisha nikautazama juani. Upande mmoja ulikuwa na alama za punje za mchanga. Upande wa pili ulikuwa umekunjamana, una vitundu vidogovidogo kama ganda la chungwa. Fundi akiona hivyo haulizi: mukuba ulimiminwa kwenye kalibu iliyo wazi, iliyochimbwa mchangani, na uso wenye vitundu ndio uliotazama hewa wakati unapoa. Halafu nikaona mkono mmoja ni mnene kuliko mitatu mingine. Maana yake kalibu iliinama upande ule, mukuba ukakimbilia huko kabla ya kuganda. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe mara nyingi. Nilibaki nimeushika, nikijua kwamba pale fundi yule alipopiga magoti kuchimba kalibu yake, ardhi ilikuwa na mteremko kidogo. Jina lake halijulikani tena, lakini mteremko wake nilikuwa nao mkononi.

Nikamwambia yule bwana: hii siyeyushi.

Watoto wetu shuleni wanafundishwa piramidi za Misri na sanamu za Wagiriki, na ni vizuri wazijue. Ila waulize mukuba wa Katanga ulianza lini. Watakujibu 1906, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, Union Minière, ilipoundwa, au 1911, tanuru la hapa Lubumbashi lilipotoa mukuba wa kwanza. Kumbe kule Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, mtaalamu wa mambo ya kale Jacques Nenquin alichimba makaburi mwaka 1957, na mwenzake Pierre de Maret akaendelea miaka ya 1970, wakakuta watu waliozikwa karne ya 11 hadi ya 13 wakiwa na bangili, mikufu na minyororo ya mukuba, mashoka ya chuma, na vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi. Kwenye makaburi ya watoto waliweka vyungu vidogo, kwa kadiri ya umri wa mtoto. Mimi nimezika mtoto. Najua mfinyanzi yule alikuwa anafanya nini.

Na Kisale kwenyewe hakuna mukuba. Ulitoka huku kusini, kwenye vilima vyetu, ukasafiri siku nyingi kwa miguu na kwa mitumbwi. Waliouyeyusha walingoja kiangazi, baada ya mavuno ya mtama. Waliokota malakiti, mawe ya kijani yenye mukuba ndani, wakachoma makala, yaani makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, maana udongo ule unavumilia moto, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Mahali pa kuchimba walipajua kwa vilima visivyoota miti na kwa lile ua dogo linalopenda ardhi yenye mukuba. Ua hilo mpaka leo huota mahali palipokuwa na tanuru la kale, na wataalamu wamelitumia kuyatafuta.

Sasa nije kwenye misalaba yenyewe. Watu wa rika la baba yangu wanaikumbuka kwenye bendera ya Katanga ya 1960, ilipojitenga na Kongo, ile yenye misalaba mitatu, na vijana wanaivaa shingoni. Wengi wanasema tu kwamba ilikuwa pesa ya wazee. Lakini tulijuaje kwamba ilikuwa pesa? Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika makaburi ya Upemba, misalaba ya mwanzo ni mikubwa na ni michache, mara nyingi imelazwa kifuani mwa marehemu. Karne zilivyopita ikawa midogo, ya vipimo vinavyofanana, mingi kwa pamoja, imewekwa karibu na mikono au nyonga kama mtu aliyeshika fungu lake au aliyelifunga kiunoni. Hapo ndipo wataalamu wakaona kitu cha heshima kikigeuka polepole kuwa pesa. Hakuna maandishi yaliyowaambia. Waliambiwa na kifua na mkono, yaani mahali kilipolala.

Ndiyo maana nilimuuliza yule bwana: ilikuwa chini kiasi gani? Ililala pamoja au mbalimbali? Kulikuwa na nini kando? Hakukumbuka. Alisema tu kulikuwa na chungu cheusi, jembe likakipasua, wakatupa vigae kwenye mpaka wa shamba. Niliumia sana, na sikumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia.

Basi nawaambia wote wanaolima, wanaochimba msingi wa nyumba, na vijana wachimbaji wa migodi ya mikono. Ukikuta msalaba wa mukuba, usiung'oe. Funika tena kwa udongo, simika kijiti, mwite chifu, kisha mtu apeleke habari kwenye Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi. Kama umekwisha kutoka, andika siku, mahali na kina, na vigae usitupe. Nanyi mafundi wenzangu, najua bei ya mukuba, najua wateja siku hizi ni wachache. Waya za zamani na mabati ya mukuba yanatutosha kwa kazi. Tukiyeyusha misalaba tunapata gramu mia saba, na mkono wa mtu aliyetutangulia katika kazi hii tunaupoteza kabisa.

Yule bwana aliondoka na mfuko wake, amenuna. Sikuchukua namba yake ya simu, na hilo ni kosa langu. Kama unasoma barua hii, baba, rudi Katuba. Uliza fundi aliye nyuma ya soko, wote wananijua. Sahani ya binti yako nitaipiga kwa mukuba wangu mwenyewe, yenye tembo na mti kama ulivyotaka, wala hutalipa franki hata moja. Nakuomba uje na ile misalaba, na kabla ya mvua kuanza tuende wote shambani kuokota vile vigae.

Fundi wa mukuba,
Komini ya Katuba, Lubumbashi